Katibu Mdogo: Kumbukumbu ya Mtoto wa Kwaya Yetu

Hotuba inayosomwa na Katibu kwa niaba ya kwaya, katika ibada ya shukrani ya Jubilei ya Miaka 25



Katika ratiba ya leo kamati ilitenga nafasi ya kuwakumbuka wenzetu waliotangulia. Majina ya wazee walioianzisha kwaya hii yamekwisha kusomwa, na mwenyekiti amewaeleza vizuri. Limebaki jina moja, na sisi wanakwaya tuliomba lipewe dakika zake. Ni jina la mwenzetu aliyekaa nasi kwa miaka minne isiyotimia, na aliyefariki kabla ya kufikisha miaka minane.

Wazazi wake wako nasi, benchi la tatu upande wa madirisha. Tuliwauliza kabla ya kuandika neno lolote. Wamekubali tuyaseme haya yote, ila wametuomba jina la mtoto lisichapwe, kwa kuwa kijitabu husambaa hadi kwa watu wasiomjua. Basi tutamwita kwa cheo chake, ambacho kila mwanakwaya anakijua. Alikuwa Katibu Mdogo.

Katiba ya kwaya yetu inasema mwanakwaya awe ametimiza miaka 15. Katibu Mdogo aliingia akiwa na minne. Bibi yake alikuwa wa sauti ya pili tangu mwanzo, na jioni za Jumatano na Ijumaa alikuwa akija naye mazoezini, kwa sababu saa hizo mama yake yuko kwenye karai lake la viazi pale stejini na baba yake yuko kwenye tuktuk. Mtoto aliketi kwenye kigoda cha mpiga kayamba, miguu haifiki chini. Ili asichoke, tukampa daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu. Tulidhani atachorachora nyuma ya daftari. Kumbe tumeajiri mtu.

Alikuwa hajui kusoma. Akatengeneza njia yake: kando ya kila jina alichora alama. Mzee wetu wa sauti ya nne alichorewa miwani. Anti mmoja wa sauti ya kwanza alichorewa kiatu kirefu, na mpiga kinanda alichorewa meno, kwa kuwa anacheka sana. Ukiingia, anakutazama, anaitafuta alama yako, anakuwekea tiki. Usipokuja, nafasi yako inabaki tupu, na Jumapili baada ya ibada atakufuata hadi getini kukuuliza ulikuwa wapi. Alipofika darasa la kwanza na kuanza kusoma, tulimshauri afute zile picha. Alikataa. Alisema majina ya watu yanafanana lakini picha hazifanani.

Kuchelewa alikupima kwa nyimbo. Hakujua saa, ila alijua kuhesabu. Ulikuwa ukisukuma mlango polepole, unasikia sauti ndogo mbele ya watu wote: "Anko, umechelewa nyimbo mbili na nusu." Waliokuwa wakilemewa na foleni ya magari ya jioni walianza kuondoka kazini mapema. Mwenyekiti alikwishatuma barua tatu kuhusu mahudhurio kabla ya hapo, na zote hazikufanya kazi iliyofanywa na kalamu ile nyekundu.

Wageni wetu mnaosikia haya mnaweza kudhani tunamzungumzia mtoto mwenye afya na makeke yake. Katibu Mdogo alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu mitaani tunauita sikoseli. Hakuwahi kuishi siku moja bila ugonjwa huo. Tunataka tuueleze kidogo, kwa sababu sisi wenyewe tulijifunza kwa ajili yake, na kwa sababu ugonjwa huu ni wa kwetu sisi watu wa Pwani kuliko wengi tunavyofikiri.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya zina umbo la duara na ni laini. Hupenya hata kwenye mishipa myembamba kabisa zikipeleka hewa mwilini. Kwa mwenye selimundu, chembe hizo hukakamaa na kujipinda kama mundu wa kukatia nyasi. Zikijipinda hukwama na kuziba mshipa, na sehemu iliyokosa damu huuma, mara nyingi kwenye mifupa. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi kiasi cha siku 120, lakini hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo mtoto hukosa damu ya kutosha na macho yake huwa ya manjano.

Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, aliandika kuhusu chembe za umbo la mundu alizoziona kwenye damu ya mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Ndipo ugonjwa ukaanza kujulikana katika vitabu vya udaktari. Lakini watoto wa Afrika walikuwa wakiugua na kufa kwa ugonjwa huo tangu zamani, bila mtu kuuandika. Mwaka 1949 kijana aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini akipima damu za watu. Aliona kwamba katika Pwani yetu na kandokando ya Ziwa Viktoria watu wengi wanabeba chembe za urithi za selimundu, na huko nyanda za juu zenye baridi ni nadra kuwapata. Akajiuliza sababu, na mwaka 1954 akatoa jibu: ni malaria. Anayerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui ugonjwa wenyewe, na tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huo umedumu mahali penye mbu.

Fikirini maana yake, wapendwa. Kinga iliyowalinda babu na bibi zetu kwa vizazi na vizazi ndiyo hiyo hiyo ambayo, ikitoka kwa wazazi wote wawili ikakutana kwa mtoto mmoja, inakuwa ugonjwa. Na wazazi hao wanaweza kuwa wazima kabisa, hawajui lolote. Kila wanapopata mimba, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa na ugonjwa, nafasi mbili kwamba atakuwa mbebaji tu kama wao, na nafasi moja kwamba hatarithi kabisa. Na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba, haihesabu waliotangulia.

Tunalisema hili taratibu kwa sababu ya maneno yaliyosemwa. Katibu Mdogo alipokuwa mchanga wa miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilimvimba, akawa analia usiku kucha. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwa watoto wengi wa selimundu. Kabla ya kipimo, yalikuja majibu ya mitaani. Mmoja alisema mtoto amechezewa. Mwingine alisema ni malipo ya jambo fulani. Na hata baada ya kipimo, walikuwapo waliosema mama ndiye aliyeleta damu mbaya katika ukoo ule. Yule mama alikuwa akiketi katikati ya kanisa hili. Akaanza kuketi nyuma. Mwishowe akawa anasimama mlangoni, na ibada ikikaribia kwisha anaondoka.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakataka kujua kosa ni la nani, la mtu yule au la wazazi wake. Bwana hakumtafuta mkosaji. Alimponya yule mtu. Sisi hatuna uwezo huo wa kuponya, lakini ule wa kuacha kumtafuta mkosaji tunao wote. Na kwa selimundu hata sayansi inasema vilevile: hakuna mtoto anayepata ugonjwa huu kutoka kwa mama peke yake. Baba naye ametoa nusu yake. Wala hakuna kati yao aliyetenda kosa. Kila mmoja alitoa alichopewa na wazazi wake.

Aliyemrudisha mama yule ndani hakuwa mzee wa kanisa wala ujumbe wa kamati. Siku moja ya mazoezi mama alikuja kumchukua mtoto, akasimama mlangoni kama kawaida yake. Katibu Mdogo alifungua daftari, akaandika mstari mpya chini ya majina yote, akachora karai, akaweka tiki. Kisha akasema, "Mama, umechelewa nyimbo zote, lakini nimekuandika." Mama alicheka, halafu akakaa. Ijumaa iliyofuata alikuja mapema. Mnaposikiliza sauti ya pili leo, mjue kwamba mmoja wa waimbaji wake aliandikishwa kwa namna hiyo.

Tuseme kidogo alivyoishi na ugonjwa wake, maana aliuishi kwa namna yake. Alitembea na chupa ya maji kila mahali, kwa kuwa mwenye selimundu akikaukiwa maji, chembe hujipinda haraka. Hakupenda kunywa peke yake. Kila baada ya nyimbo mbili alinyanyua chupa na kutangaza, "Saa ya maji!" na hakuweka chupa chini mpaka watu wazima wote wamekunywa. Kwaya nzima tukawa tunabeba chupa. Mwalimu wetu alisema sauti zetu hazijawahi kuwa safi kama mwaka ule.

Baridi pia ilikuwa adui yake. Upepo wa kusi ulipoanza kuvuma, mwezi wa sita na wa saba, alivaa sweta zito juu ya sare. Tudor nzima tunajipepea kwa vijitabu vya nyimbo, naye amefunga vifungo hadi shingoni. Wenzake walimcheka. Yeye aliwajibu, "Mimi ni mtu wa Limuru, nimekuja kuwatembelea." Mtoto mmoja alipomuuliza kwa nini macho yake ni ya manjano, alisema ni kwa sababu anakula embe nyingi, na akamshauri naye ale.

Lakini zilikuwapo siku ambazo mzaha ulikwisha. Maumivu ya selimundu ni makali. Watu wazima wenye ugonjwa huo hulia. Wauguzi humwomba mtoto ayapime maumivu yake kwa namba, tangu sifuri hadi kumi. Katibu Mdogo alikuwa na kipimo kingine. Alisema, "Leo yanaimba sauti ya nne," yaani yamo chini ndani ya mfupa, mazito, yanaweza kuvumilika. Akisema yanaimba sauti ya kwanza, ilikuwa ya kukimbia hospitali. Muuguzi mmoja, ambaye si wa kanisa letu, alijifunza sauti zote nne ili amwelewe. Dada yule, popote ulipo, kwaya hii inakushukuru.

Hatusemi kwamba alikuwa jasiri wakati wote. Alikuwa mtoto. Aliogopa sindano, akang'ang'ania kitanda. Alikasirika kukosa safari ya shule. Usiku mmoja wodini alimuuliza bibi yake kama wenzake wote wana mifupa inayouma, na bibi alipomwambia hapana, alinyamaza muda mrefu. Tunalikumbuka hilo pamoja na vicheko. Mtu akisema mtoto huyu alikuwa na furaha siku zote, anampunguzia. Furaha yake ilikuwa kazi aliyoifanya, kama alivyofanya kazi ya daftari, na siku nyingine aliifanya akiwa amechoka.

Mara tatu alihitaji kuongezewa damu. Mara ya pili damu ilikosekana na familia ikaambiwa ilete watu. Bibi alipiga simu moja tu, kwa mwenyekiti wetu. Kabla ya jioni walikwenda wanakwaya sita. Wawili walirudishwa, mmoja kwa uzito na mmoja kwa upungufu wa damu yake mwenyewe. Na pale kwenye foleni tuliwakuta vijana wanne wa msikiti wa jirani. Baba yake Katibu Mdogo aliwabeba siku nyingi kwenye tuktuk yake, wakasikia. Hawakutuuliza mtoto anasali wapi, nasi hatukuwauliza kwa nini wamekuja. Tulikaa benchi moja, mikono imekunjuliwa, tukinywa soda. Hiyo ndiyo Mombasa tunayoijua, na tunataka iandikwe katika kijitabu hiki.

Katika wiki yake ya mwisho alikuja mazoezini Jumatano, akaweka tiki zote. Alhamisi alipata homa. Ijumaa kifua kilimbana. Kwa mtoto wa selimundu, maambukizi ya kifua ni hatari kubwa, kwa sababu kinga yake ni dhaifu na hewa inayopungua mapafuni huzifanya chembe zijipinde zaidi. Madaktari walifanya kazi usiku kucha. Alfajiri ya Jumamosi alifariki, mama yake akiwa upande mmoja na baba yake upande wa pili. Tulimsindikiza hadi Rabai, nyumbani kwa babu yake, tukaimba. Tuliimba vibaya. Mwalimu wa kwaya hakumsahihisha mtu.

Siku zile zilisemwa faraja nyingi, na waliozisema walikuwa na nia njema. Walisema Mungu amechuma ua lake. Walisema sasa amepumzika. Kuhusu kupumzika, tunaamini, na tumaini la ufufuo ndilo tunaloliimba kila Jumapili. Lakini mama yake alituomba jambo moja, nasi tulimwahidi tutalisema leo mbele ya kanisa: tusiharakishe kumpa mzazi sababu. Hatujui kwa nini mtoto mmoja anaishi na mwingine anaondoka. Tunajua tu kwamba tulipewa, tukampenda, na tunamkosa. Ukienda kwa aliyefiwa, nenda na chapati zako, keti, osha vyombo. Ukikosa neno, usilitafute.

Basi, wapendwa, jubilei ni wakati wa kushukuru na pia wa kulipa madeni. Kwaya hii ina deni kwa Katibu Mdogo, na tumekubaliana katika mkutano mkuu kulilipa kwa mambo manne. Tunawaomba mtusaidie.

La kwanza, kupima. Vijana wetu mnaojiandaa kwa ndoa, mpime damu zenu kujua kama mnabeba selimundu. Kipimo hicho kinafanyika hapa hapa Mombasa. Si kwa ajili ya kuvunja uchumba wa mtu. Uamuzi ni wenu na wachungaji wenu watakaa nanyi. Ni ili mjue, na mtoto akizaliwa apimwe mapema. Wenzetu wa kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kilifi wamewafuatilia watoto wa selimundu kwa miaka mingi, na wameona kwamba wanaojulikana mapema na kuhudhuria kliniki hufa wachache kuliko wasiohudhuria. Mtoto akijulikana akiwa mchanga, huanzishiwa dawa ya kumkinga na maambukizi, hupewa foliki asidi, chanjo na kinga ya malaria, na wazazi hufundishwa dalili za hatari.

La pili, kliniki na dawa. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Kilifi na katika nchi za Uganda, Kongo na Angola, kwa watoto zaidi ya 600, ulichapishwa mwaka 2019. Ulionyesha kwamba watoto wanaoimeza chini ya uangalizi wa daktari hupata maumivu machache, huhitaji damu mara chache, na hata vifo hupungua. Si ya kununua ovyo dukani; lazima damu ipimwe mara kwa mara. Lakini mzazi ana haki ya kuiulizia. Hatutaki mzazi yeyote wa kanisa hili aambiwe na jirani kwamba mtoto wa sikoseli hafiki utu uzima. Wako wengi waliofika, wana kazi, wana watoto. Maombi tutaomba, na kliniki tutakwenda. Katibu Mdogo alifanya yote mawili, na hakuona mgongano wowote.

La tatu ni kwa walimu, na sisi wa ofisi ya katibu tunalisema tukiwa walimu kwa mafunzo. Mwanafunzi wa selimundu akiomba kwenda kunywa maji, mruhusu. Akiomba kwenda msalani mara nyingi, mruhusu. Figo zake haziwezi kuukoleza mkojo kama za wenzake, si ujanja wa kukwepa hesabu. Usimwamuru akimbie kuzunguka uwanja kama adhabu, wala asisimamishwe kwenye mvua. Akikosa wiki mbili, mtunzie kazi zake. Na umpe jukumu darasani. Katibu Mdogo alikosa siku nyingi za shule, lakini alijua mahali fulani kuna daftari linalomngoja.

La nne, damu. Duniani inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 300,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, walio wengi hapa Afrika. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 19 Juni kuwa siku ya kuukumbuka ugonjwa huu. Kwaya yetu imeamua kwamba kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo, tutakwenda pamoja kutoa damu, na vijana wa msikiti wa jirani tumekwisha kuwaalika. Anayeweza kutoa ni mtu mwenye afya, wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Ni kama chupa ndogo ya soda na nusu yake, na mwili huirudisha wenyewe.

Yapo pia mambo mawili ya kuwajulisha. Mkutano mkuu ulijadili kama jina la Katibu Mdogo linaweza kuwekwa katika orodha ya kudumu ya wanakwaya, maana katiba inataka miaka 15. Mzee wetu wa sauti ya nne, yule wa miwani, alisimama akasema mtu aliyewahesabu wengine miaka minne bila kukosea hawezi kuachwa nje ya hesabu. Hoja ikapita kwa sauti moja. Jina limeandikwa katika daftari la kwaya, namba 87, na litabaki humo. La pili ni kwamba saa ya maji inaendelea. Mkituona leo tunanyanyua chupa kila baada ya nyimbo mbili, msidhani tumechoka.

Tunawashukuru baba na mama kwa kutukopesha mtoto wenu jioni mbili za kila wiki. Tunamshukuru bibi, ambaye magoti hayamruhusu tena kusimama lakini bado anatusahihisha akiwa kwenye kiti. Mdogo wake Katibu Mdogo amepimwa: ni mbebaji tu, mzima, na ana kelele. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na kila aliyekunjua mkono wake.

Baada ya wimbo unaofuata, meza iko nje chini ya mwembe. Juu yake kuna daftari jipya na kalamu nyekundu. Mwenye nia ya kutoa damu mwezi wa sita aandike jina lake, na anayependa achore alama yake pembeni.

Mungu awabariki. Tusimame tuimbe.

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote